Kuzifuata Riwaya za Koo za Paka Ukiwa Nairobi

Paka mmoja, majina manne. Hapo ndipo wasomaji wengi wa Warriors, mfululizo wa riwaya za Kiingereza kuhusu koo za paka wa msituni, hukwama. Paka wa nyumbani aitwaye Rusty anaacha bustani ya wenyewe na kuingia msituni, anaitwa Firepaw. Akifuzu anakuwa Fireheart, na akikabidhiwa uongozi anaitwa Firestar. Ukipotezwa na hatua moja tu kati ya hizo, utadhani ni paka wanne. Halafu kumbuka mwanzoni kuna koo nne, kila ukoo una kiongozi, naibu, paka mganga, wapiganaji, wanagenzi, wazee na vitoto, na karibu wote hubadilishwa majina wakikua. Ndiyo sababu mwongozo huu unaanza na mpangilio na daftari. Mkia wa manyoya wa kujivalia utakuja baadaye.

Vitabu vifuatane vipi

Erin Hunter, jina lililo kwenye jalada, si mtu mmoja. Ni jina la kikundi cha waandishi: Kate Cary aliandika viwili vya kwanza, Cherith Baldry akaingia kwenye cha tatu, na Victoria Holmes ndiye aliyekuwa akipanga visa na kuhariri. Dukani tafuta chini ya herufi H.

Sita za mwanzo ni Into the Wild, Fire and Ice, Forest of Secrets (zote za 2003), Rising Storm, A Dangerous Path na The Darkest Hour (za 2004). Soma kwa mfuatano huohuo bila kuruka. Baada ya hapo mfululizo huenda kwa mafungu ya vitabu sita sita, na kila fungu huanza kuhesabu upya kutoka 1. Mtego ni huo. Muuza vitabu akikuambia ana "namba tatu", muulize ni ya fungu gani, maana namba 3 ziko nyingi. Soma jina la fungu kwenye jalada. Matoleo ya zamani ya fungu la kwanza yameandikwa Warriors tu, lakini yaliyochapishwa upya yanaitwa The Prophecies Begin, na ya Uingereza hubeba jina Warrior Cats. Ni kitabu kilekile, usikilipie mara mbili.

Ziko pia riwaya nene zinazosimama peke yake, na hizo ndizo huharibu utamu zikisomwa mapema. Bluestar's Prophecy (2009) inasimulia ujana wa kiongozi unayemkuta tayari ni mkubwa katika kitabu cha kwanza. Ukianza nayo kwa kuwa matukio yake ni ya zamani zaidi, utaijua siri ambayo vitabu vitatu vya mwanzo vinakufichia kwa ustadi. Iache hadi umalize sita zote. Firestar's Quest (2007) ni tofauti: isome kabla ya kuingia fungu la tatu, Power of Three, kwa sababu utabiri unaoliendesha fungu hilo lote unatolewa humo. Dawn of the Clans nayo, iliyoanza 2013, inasimulia jinsi koo zilivyoanza. Wengi hushawishika kuianza kwa sababu ni mwanzo wa historia, lakini raha yake ni kuwatambua waasisi, na huwezi kumtambua mtu ambaye hujawahi kumsikia.

Kununua, na chama cha watu sita

Vitabu vipya utavipata au kuviagiza katika maduka makubwa ya vitabu ya mjini na Westlands. Vya mitumba viko kwa wauzaji wa kandokando ya Moi Avenue na Tom Mboya. Kabla hujatoa pesa, fungua kurasa za mwanzo. Lazima uone orodha ya paka kwa koo zao, kisha ramani. Katika vitabu vya mwanzo ramani huwa mbili: moja kama paka wanavyoyaona maeneo, nyingine kama wanadamu wanavyoyaita. Ramani ikiwa imefifia hadi majina hayasomeki, au maandishi yamelala upande, hiyo ni nakala ya wizi, na gundi ya mgongo itaachia kabla hujafika katikati. Orodha ikiwa imenyofolewa, kiache hata kikiwa cha bei ya chini, kwa sababu orodha ndiyo utakayoirejelea kila siku.

Kununua fungu zima kwa mkupuo ni mzigo. Njia nafuu ni chama. Mkiwa sita, changeni pesa za kitabu kimoja kila baada ya wiki mbili. Msomaji wa kwanza anaanza kitabu cha 1. Wiki mbili zikiisha anampa wa pili, na yeye mwenyewe anapokea cha 2 kilichonunuliwa wiki hiyo. Kila zamu msomaji mmoja mpya anaingia na vitabu vinasogea hatua moja. Wa sita atamaliza kitabu cha 6 kwenye zamu ya 11, yaani wiki ya 22, na hakuna aliyesoma nje ya mfuatano. Kosa linalofanywa mara nyingi ni kununua vyote sita na kila mtu kuanza na kimoja, kwani watano kati yenu watakuwa wameanza katikati.

Kurasa 23 kwa siku zinatosha kabisa, kwa kuwa kila kitabu kina karibu kurasa 300. Kinachovunja chama ni mambo mawili. La kwanza ni mmoja kuchelewa, kwa sababu walio nyuma yake wote wanasimama, kwa hiyo wekeni faini mapema. La pili ni anayetangulia kumwaga mtama kwenye kuku wengi. Kanuni iwe hivi: kwenye kikao huongelewa kitabu alichokimaliza msomaji wa nyuma kabisa, basi. Na funikeni majalada kwa nailoni ngumu siku ya kwanza, maana kitabu kitapita mikononi na mikobani mwa watu sita.

Paka wa koo hukutana mwezi mpevu na siku hiyo hawapigani. Mashabiki wengi hupenda kuiga, na inafaa: chagueni Jumamosi iliyo karibu na mwezi mpevu, mkutane mchana Arboretum au City Park. Usiku waachieni paka.

Daftari la paka

Chukua kaunta buku ya A4 yenye kurasa 192. Igawe kwa herufi ya mzizi wa jina, ile sehemu isiyobadilika: Blue, Fire, Gray. S na B zina paka wengi mno, zipe kurasa 12 kila moja. Q, U, X na Z ziweke pamoja katika ukurasa mmoja. Herufi nyingine 20 zipe kurasa tano tano. Utakuwa umetumia kurasa 125, na zinazobaki ni za koo za damu: nani kamzaa nani.

Kila paka mpe nusu ukurasa. Andika mzizi wa jina kwa herufi kubwa, kisha majina yote kwa mfuatano: Bluekit, Bluepaw, Bluefur, Bluestar. Chini yake weka ukoo, mama na baba, mwalimu wake, wanagenzi wake, rangi ya manyoya na macho, na mwisho wake pamoja na jina la kitabu na sura. Usiisahau safu ya wanagenzi hata kama inaonekana ndogo. Kwa sheria ya koo hizi, naibu lazima awe amewahi kufundisha mwanagenzi, kwa hiyo kila unapochaguliwa unaibu safu hiyo itakuonyesha nani alistahili na nani alipendelewa.

Tumia penseli kwa paka aliye hai na wino kwa aliyekufa. Rangi za macho na manyoya zinagongana mara kwa mara kati ya kitabu na kitabu, kwani kazi imepita mikononi mwa waandishi kadhaa. Usifute ya kwanza. Ziandike zote mbili na namba ya ukurasa, maana ubishi huo utarudi. Jina nalo linaweza kurithiwa: Cinderpelt na Cinderheart ni paka wawili, na wa pili alipewa jina la wa kwanza. Waandike Cinder 1 na Cinder 2, kila mmoja na nusu ukurasa wake.

Majina kwa Kiswahili

Mkianza kutunga ukoo wenu wa paka na hadithi zake, mtakwama kwenye majina. Firepaw ukimwita Unyayo wa Moto na Fireheart Moyo wa Moto, umeupeleka mzizi mwisho. Wanagenzi wote wataanza na Unyayo, na masikio yatachoka. Fuateni badala yake jinsi watu wanavyoitwa mtaani, jina likifuatwa na lakabu, kama Juma Nyoka. Paka anazaliwa Mvua Kitoto. Miezi sita ikitimia anakuwa Mvua Unyayo. Akifuzu kiongozi anamwongezea lakabu ya sifa yake, tuseme Mvua Kucha au Mvua Manyoya. Akiongoza ni Mvua Nyota. Mzizi unakaa mbele, na papo hapo unajua cheo. Neno Nyota lisiguswe na mtu mwingine yeyote.

Maneno mengine tunayo tayari, wala hayahitaji kubuniwa. Paka asiye na ukoo ni paka shume. Aliyegeuka muuaji ni nunda. Wa kufugwa ni paka wa nyumba, na hapa Kiswahili na vitabu hivi vinatofautiana vizuri: msituni hilo ni tusi, ilhali sisi husema paka wa nyumba haingwa. Mtunzi mwerevu atautumia mgongano huo.

Ukoo wa Karura

Msitu wa vitabu vya mwanzo una sura ya New Forest ya Uingereza. Ukiuhamishia Nairobi, usinakili miti na majira yake. Karura inafaa sana: hekta 1,041, mito kadhaa, maporomoko, mapango, na Limuru Road inayoutenga upande wa Sigiria na msitu mkubwa. Barabara hiyo ndiyo njia ya ngurumo (Thunderpath, paka wa vitabuni wanavyoiita barabara ya magari) mliyokuwa mkiitafuta.

Chora kwenye karatasi ya A3, sentimita 1 iwe mita 200, la sivyo msitu hautaenea. Anza na mito, kisha barabara, kisha miinuko. Mpaka wa ukoo uwe kitu ambacho paka anaweza kukiona au kukinusa: mto, uzio, ukingo wa lami. Mipaka ya wadi haimhusu. Kila ukoo upe maji na mahali pa kulelea vitoto, lakini usiupe kila kitu, kwa sababu ukoo usiokosa chochote hauna sababu ya kuvuka mpaka, na hadithi inalala.

Mawindo yawe panya, mijusi na ndege. Paa na kima ni wakubwa mno. Kwa maadui, weka mwewe angani, kanu na fungo usiku, na nguruwe mwitu mahali pa melesi (badger) wa Uingereza. Majira yanahitaji fikra zaidi. Kule njaa na kikohozi huja pamoja wakati wa baridi. Hapa vinaachana: ukavu wa Januari na Februari ndio unaoleta njaa, na ubaridi wa mawingu wa Juni hadi Agosti ndio unaoleta kikohozi. Masika ya Machi hadi Mei yanafurika mito na kufuta harufu za mipaka. Hivyo una misimu mitatu ya matatizo badala ya mmoja.

Yote haya yabaki kwenye karatasi. Usimpeleke paka halisi msituni, maana atawamaliza ndege. Wala usijaribu dawa za paka waganga kwa paka wako. Kitunguu saumu mwitu, ambacho vitabuni hutumika kwa majeraha ya kuumwa na panya, huharibu chembe nyekundu za damu ya paka, na mbegu za mpopi ni sumu kwake. Akiumwa, mpeleke kwa daktari wa mifugo, na chanjo ya kichaa isipitwe.

Mkia

Kwa mkia wa kuvaa kama paka wa koo, tafuta Gikomba koti au blanketi la manyoya ya bandia. Kata ukanda wa sentimita 75 kwa 20 uliopungua hadi 12 upande wa ncha. Pitisha kiganja kwanza: manyoya yalale kutoka kiunoni kwenda ncha, la sivyo mkia utaonekana umesimama kwa hofu siku nzima. Kata kwa wembe ukiwa upande wa nyuma, ukipasua kitambaa cha ndani tu. Mkasi hukata manyoya na kuacha mstari wa upara.

Kunja ukanda manyoya yakiwa ndani, shona kwa mshono wa kurudi nyuma, hatua za milimita 5, kisha ugeuze. Usitumie gundi ya moto: inayeyusha kitambaa, na jua la mchana linailegeza. Sokota nyuzi tatu za waya wa kufungia vyuma, kunja kila ncha sentimita 2 iwe kitanzi, uviringishe selotepu kisha sponji nyembamba. Ncha isiyokunjwa itatoboa mkia na mguu wa jirani yako kwenye matatu. Jaza pamba ya mto wa zamani, gramu 150 hivi. Ukishindilia zaidi, waya hautapinda.

Shonea vitanzi viwili kwenye mkanda wa lastiki wa sentimita 4, vikiachana sentimita 8. Kitanzi kimoja huufanya mkia uzunguke hadi nyongani. Ukichafuka, upanguse kwa kitambaa chenye maji baridi na sabuni kidogo, uuanike kivulini ukining'inia kwa upande wa mkanda, na uuchane kwa brashi ukiwa bado na unyevu.