Kupima kama breka inahimili shoti ya mahali ilipofungwa

Kabla breka haijafungwa kwenye paneli, ni lazima tujue kama itaweza kuikata shoti kubwa kuliko zote inayoweza kutokea mahali hapo bila yenyewe kupasuka. Mafundi wengi hulinganisha namba moja tu. Namba za kulinganisha ni mbili, na ya pili ndiyo inayosahaulika.

Hatua ya kwanza ni kutafuta mkondo wa shoti. Tuchukue transfoma ya kVA 1600 inayotoa volti 400, yenye impidensi (upinzani wake wote dhidi ya mkondo) ya asilimia 6. Mkondo wake wa mzigo kamili ni ampia 2309, na ukiugawanya kwa 0.06 unapata kiloampia 38.5. Katika mtandao wa volti ndogo ambao volti zake hazipandi zaidi ya asilimia 6, kiwango cha kimataifa cha kukokotoa shoti, IEC 60909, hutumia kizidisho cha 1.05, nasi tunafika kiloampia 40.4. Impidensi ya mtandao wa juu, yaani ule unaoilisha transfoma, nimeiacha kwa makusudi, kwa sababu kuiacha hukuza jibu na kutuweka upande wa usalama.

Hatua ya pili ni kuongeza mota. Shoti inapotokea, mota zinazozunguka hurudisha umeme kwa muda mfupi, kwa kawaida mara 4 hadi 6 ya mkondo wake wa kawaida. Katika mfano wetu hazipo.

Hatua ya tatu ni kulinganisha na Icu, yaani uwezo wa juu wa kukata ulioandikwa kwenye breka. Breka ya kiloampia 45 inapita, na hapo ndipo wengi hufunga daftari.

Hatua ya nne ndiyo naomba isirukwe. Wimbi la kwanza la shoti huwa na kilele kirefu zaidi kadiri riaktansi (upinzani unaotokana na koili) inavyouzidi ukinzani (upinzani wa waya wenyewe). Ikiwa riaktansi ni mara 8 ya ukinzani, kilele hufika takriban mara 2.4 ya mkondo tuliohesabu, yaani karibu kiloampia 97. Breka zenye Icu ya kiloampia 20 hadi 50, kwa mujibu wa kiwango cha breka cha IEC 60947-2, hutakiwa kuhimili kilele cha angalau mara 2.1 ya Icu, kwa hiyo breka yetu ya 45 imehakikishiwa kiloampia 94.5 tu. Imefaulu kipimo cha kwanza, ikaanguka cha pili. Tunahitaji ya 50, ambayo kilele chake ni 105.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, naomba kuuliza: tutumie Icu au Ics, yaani uwezo wa kukata na bado kuendelea na kazi?*

Breka iliyokata shoti ya kiwango cha Icu haihakikishiwi kuendelea kubeba mzigo wake kamili, ilhali ya kiwango cha Ics inahakikishiwa. Kwenye breka kuu, ambayo ikifa jengo zima huzimika, mimi hudai Ics iwe asilimia 100 ya Icu.

*Je, breka ndogo iliyo chini ya breka kubwa inaweza kuwa na uwezo pungufu?*

Inaweza, ikiwa tu mtengenezaji amezijaribu breka hizo mbili pamoja na kuchapisha jedwali lake. Usikisie kwa kufananisha mikondo ya kukata.

*Tumeongeza transfoma ya pili inayofanana na ya kwanza, nasi tunaziunganisha sambamba. Breka za zamani zibaki?*

Hapana, ndugu, msiziunganishe kwanza. Shoti kwenye basiba (pau za kugawa umeme ndani ya paneli) inakaribia kuwa maradufu, kiloampia 80 katika mfano wetu. Acheni swichi ya kuunganisha ikiwa wazi na muifungie kwa kufuli hadi kila breka ihesabiwe upya.