Kata Kabeji Kwanza, Moto Baadaye

Kabeji inavushwa kutoka Mokowe mpaka Amu (Lamu), halafu jikoni inachemshwa hadi inalegea na maji yake yanamwagwa. Faida kubwa humwagika humo.

Kwenye jani la kabeji na sukuma wiki mna glukosinoleti, kemikali yenye salfa, na kando yake, mahali pake mbali, kimeng'enya (protini inayochochea mabadiliko ya kemikali) kiitwacho mirosinase. Kisu kikipita, vinakutana na kuzaa isothiosaineti, ule ukali unaopanda puani. Mojawapo ni salforafeni, iliyotengwa kwenye brokoli na watafiti wa Johns Hopkins, Marekani, mwaka 1992. Huamsha vimeng'enya vya mwili vinavyoondoa sumu kabla haijaharibu seli. Hii ni kinga inayowezekana dhidi ya saratani, si tiba. Mgonjwa wa saratani asiache dawa kwa ajili ya kabeji.

Kwa watu wanne:

1. Osha kabeji ya gramu 400 kabla ya kuikata, kisha ikate nyembamba. Ukiosha baada ya kukata, glukosinoleti na kimeng'enya chake huenda na maji.

2. Iache kwenye sinia dakika 40. Wengi huiruka hatua hii. Moto huua kimeng'enya, na kikifa mapema kazi haijafanyika.

3. Ponda punje 3 za thomu (kitunguu saumu), ziache dakika 10 kwa sababu hiyo hiyo.

4. Kaanga nyanya 2 kwa mafuta hadi zipondeke. Laikopeni yake, ile rangi nyekundu, hutoka kwa moto na hufuata mafuta.

5. Tia kabeji na thomu, funika dakika 3 hadi 4 bila maji. Iwe bado inalia chini ya jino.

Maswali

Mwanachama, Shela: Mwalimu, dakika 40 sina.
Jibu: Pika, epua, ipoe kidogo, unyunyize kijiko kimoja cha chai cha haradali mbichi iliyosagwa. Ni jamaa ya kabeji, ina mirosinase yake. Ukiitia chunguni ikitokota, nayo hufa.

Mwanachama, Langoni: Tui la nazi je?
Jibu: Litie kwenye nyanya, dada, lakini usiichemshie kabeji humo.

Mwanachama, Mkomani: Mamangu anameza warfarini.
Jibu: Hiyo ni dawa ya kuzuia damu kuganda. Sukuma wiki ina vitamini K nyingi, hupunguza nguvu ya dawa hiyo. Asizidishe wala asiache ghafla. Ale kiasi kile kile, na daktari wake ajue.

Mwanachama, Langoni: Vidonge vya virutubisho si rahisi zaidi?
Jibu: Hapana. Ufini, matokeo ya 1994 yalionyesha wavuta sigara waliopewa vidonge vya beta-karotini, ile rangi ya karoti, walipata saratani ya mapafu zaidi ya wasiopewa.