Uliza kilichobaki, si asilimia
Unapofuatilia kazi uliyomkabidhi mwenzako, usimwulize amefikia asilimia ngapi. Mwombe akutajie yaliyobaki, moja baada ya jingine, na kwa kila moja aseme anamsubiri nani. Asilimia ni makadirio tu, na kazi inaweza kukaa kwenye 90 kwa majuma kadhaa bila mtu yeyote kudanganya, ilhali orodha kama “saini, namsubiri mhasibu; majaribio ya fomu na jedwali la mwisho, simsubiri mtu” huonyesha papo hapo kwamba kinachochelewesha ni saini, jambo ambalo meneja anaweza kulimaliza kwa simu moja. Mbinu hii haifai mwanzoni mwa utafiti, ambapo yaliyobaki bado hayajulikani, wala mbele ya kikao kizima, kwani wengi hufupisha orodha wakubwa wakiwapo.