Kabla ya Kupokea Wageni wa Siku Chache: Idadi ya Watu na Masharti ya Nyumba Mombasa

Mwenye nyumba wa Nyali, Bamburi au Shanzu anayetaka kuikodisha kwa wageni wa siku chache na aamue kwanza, kabla hata ya kupanga bei, ni watu wangapi watakaolala humo. Wengi huhesabu vitanda, na hapo ndipo hesabu inapoharibika, kwa kuwa sehemu kubwa ya Mombasa haina mfereji wa maji taka na maji ya bomba huja kwa zamu. Kinachoweka kikomo, kwa maoni yangu, ni tangi la maji na shimo la maji taka; nyumba yenye nafasi ya magodoro kumi inaweza kushindwa na watu sita wanaooga mara mbili kwa siku katika joto la Disemba, na shimo likifurika, wa kwanza kulalamika ni jirani.

Ikiwa ni fleti, kanuni za jengo zisomwe mapema. Sheria ya mwaka 2020 inayohusu umiliki wa fleti huwapa wamiliki chombo chao cha pamoja cha kusimamia jengo, nacho huwa na kanuni zake. Aliye mpangaji naye apate idhini ya mwenye nyumba kwa maandishi, maana ruhusa ya mdomo husahaulika siku ya ugomvi.

Leseni ni mbili: ya Mamlaka ya Udhibiti wa Utalii, iliyoundwa chini ya Sheria ya Utalii ya 2011, na ya biashara kutoka kaunti. Ukishavuka daraja la Mtwapa umeingia Kilifi, na kibali cha Mombasa hakikufai huko.

Mgeni anapofika, majina ya wote watakaolala yaandikwe pamoja na namba za vitambulisho au pasipoti, si jina la aliyelipa peke yake. Daftari hilo litunzwe vizuri, kwani Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inaligusa. Kutuma picha za vitambulisho kwenye kundi la walinzi ni kujitafutia kesi.

Kuhusu kelele, kanuni za mazingira za 2009 huhesabu usiku kuanzia saa mbili, mapema kuliko wageni wengi wanavyodhani. Kwa hiyo masharti anayotumiwa mgeni kabla hajalipa yataje idadi ya wanaolala, idadi ya wanaoruhusiwa kuja kutembea mchana, saa ya kuzima muziki, na gharama itakayodaiwa idadi ikizidi.