Kabla ya kuwaonyesha wanafunzi kazi ya mikrofilamenti kwenye kitunguu

Kwanza waambie ukweli mapema: mikrofilamenti yenyewe, yaani nyuzi nyembamba za protini iitwayo aktini zilizo ndani ya seli, hawataiona. Uzi mmoja wa aktini una unene wa nanomita 7 hivi, ilhali hadubini ya mwanga haitenganishi vitu vilivyokaribiana chini ya nanomita 200 au karibu na hapo. Watakachoona ni mizigo inayopita juu ya nyuzi hizo, kama mtu wa mbali aonavyo usiku taa za malori asiione barabara. Usipolisema hilo, hakosekani wa kuchora nyuzi alizoziona kitabuni.

Barabara hiyo ichore ubaoni siku moja kabla. Ni protini za aktini zilizoshikana kama shanga, safu mbili zikisokotana mithili ya ukili. Juu yake hutembea protini nyingine, miosini, ikitumia nishati ya ATP, molekuli inayobeba nishati ya seli, na kubeba chembechembe za ndani ya seli. Aktini na miosini ndizo pia zinazokunja msuli wa mkono wako, na wanafunzi hulishangaa hilo kuliko jambo lolote la somo hili.

Kitunguu kiwe kigumu, chenye maji. Kama kimetoka kwenye friji, kiache nje saa kadhaa, kwa kuwa baridi hupunguza mwendo. Chukua ganda la ndani, upande wake uliobonyea ukate vipande vya mraba kwa wembe, kisha uvute ngozi nyembamba taratibu kwa koleo na kuiweka majini papo hapo. Ikikauka imekufa. Iache humo robo saa itulie, maana seli zilizotoka kuchunwa mara nyingi husimama kwanza.

Iodini ifungie kabatini. Najua mkono wa mwalimu huiendea wenyewe, na kiini hupendeza kweli kikishapata rangi, lakini seli huwa imeshakufa. Badala ya rangi, punguza mwanga kwa kubana tundu lililo chini ya jukwaa la hadubini mpaka chembe zijitokeze. Anza na lenzi ya 10, hamia ya 40, utafute kando ya ukuta wa seli au kwenye vijia vya saitoplazimu (ute wa seli) vinavyokatiza vakuoli, ule mfuko mkubwa wa maji ndani ya seli.

Hapa ndipo wengi hudanganyika. Chembe inayotetemeka palepale haibebwi na kitu, inagongwagongwa tu na molekuli za maji, na hata kwenye seli iliyokufa hutetemeka. Ya kuhesabu ni ile inayosafiri: inashika njia, inasimama, inaondoka tena, nyingine inapishana nayo ikienda kinyume.

Andaa basi slaidi ya pili, na hii ndiyo uitilie iodini. Waite wawili wawili, watazame zote mbili bila kuambiwa lolote, waseme kitunguu kipi ki hai.