Somo: Kutafuta na kupakua picha za rejea kwa programu ya Grabber

Somo hili ni kwa wachoraji, wabunifu wa matangazo na vijana wa katuni wa Arusha na Moshi wanaouliza namna ya kupata picha za rejea kwenye zile tovuti ambazo wanachama wake hupandisha picha na kuzibandika tagi, yaani maneno mafupi ya kueleza kilichomo kwenye picha, kama vile Danbooru, iliyoanza mwaka 2005, na Safebooru. Tovuti hizo zinafunguka kwa kivinjari cha kawaida, lakini anayehitaji picha mia moja atabofya mara mia moja, na akihama kutoka tovuti moja kwenda nyingine anaanza upya. Grabber ni programu ya bure ya kompyuta, yenye msimbo ulio wazi, ambayo huuliza tovuti kadhaa kwa mara moja na kuonyesha majibu yake katika dirisha moja.

Niseme mapema kwamba kupakua ndiyo sehemu rahisi kuliko zote. Anayekimbilia kitufe cha kupakua kabla ya kupanga tagi na folda zake atajikuta na mafaili elfu moja asiyoweza kuyatumia, na bando limekwisha.

Hatua ya kwanza: kusakinisha

Ipakue programu kutoka ukurasa wa mtengenezaji wake, Bionus, kwenye GitHub, mahali panapowekwa matoleo yake rasmi, wala usiichukue kwenye flashi ya mtu wala kwenye tovuti za programu za bure zinazoongeza vitu vyao ndani. Yapo matoleo ya Windows, Linux na macOS. Ikifunguka mara ya kwanza itakuuliza folda ya kuhifadhia picha, chanzo (yaani tovuti) utakachoanza nacho na mpangilio wa majina ya mafaili. Jaza folda tu. Hayo mengine tutayarudia.

Hatua ya pili: vyanzo na picha zisizofaa

Bofya kitufe kilichoandikwa "Sources", ondoa alama kwenye vyanzo vyote, kisha uchague kimoja au viwili. Kuchagua vyote kwa tamaa kunapunguza kasi bila faida, kwa sababu picha zilezile hurudiwa kwenye tovuti nyingi. Mimi humshauri anayeanza atumie Safebooru, ambayo imekusudiwa picha zenye staha, na aiongeze Danbooru baada ya kuweka vizuizi.

Vizuizi hivyo si jambo la kuahirisha. Danbooru hugawa picha zake katika madaraja manne, yaani general, sensitive, questionable na explicit, na daraja la mwisho ni ponografia waziwazi. Kompyuta zetu nyingi hutumiwa na familia nzima au zipo mezani stesheneri, mbele ya wateja; tena Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kuchapisha ponografia kupitia kompyuta, hivyo picha iliyojipenyeza kwenye folda kisha ikasambazwa kwenye kundi la WhatsApp inaweza kuleta makubwa kuliko aibu. Fungua mipangilio, nenda kwenye orodha ya tagi zilizozuiwa, iitwayo "Blacklist", uandike rating:explicit kwenye mstari wake na rating:questionable kwenye mstari unaofuata. Usiishie hapo. Hakikisha umechagua picha zilizozuiwa zifichwe kabisa, na kwamba programu haijaruhusiwa kuzipakua, maana kuficha ni mpangilio mmoja na kutopakua ni mpangilio mwingine.

Hatua ya tatu: tagi

Hapa ndipo penye kazi, kwa hiyo tusiharakishe. Tovuti hizi hazisomi sentensi. Ukiandika "mlima mzuri wakati wa jioni", hata ukiyaandika hayo kwa Kiingereza, hutapata kitu, kwa kuwa kila neno linachukuliwa kuwa tagi inayojitegemea. Tagi huandikwa kwa Kiingereza, kwa kawaida katika umoja, na yenye maneno zaidi ya moja huunganishwa kwa kistari cha chini: mountain, cloud, from_below, no_humans. Kistari cha kutoa kikitangulia tagi, maana yake ni kwamba picha zenye tagi hiyo ziondolewe. Ukianza kuandika, Grabber itakupendekezea tagi zilizopo. Zifuate hizo badala ya kubuni zako.

Tuchukue mfano wa mchoraji wa Sakina, Arusha, anayetaka kuweka Mlima Meru nyuma ya wahusika wake, jua likiwa linazama. Hatafuti picha ya Meru yenyewe, kwa kuwa hiyo anaiona akitoka nje. Anatafuta namna wachoraji wengine wanavyopaka rangi mlima unapopigwa na mwanga wa jioni. Ataandika mountain sunset kwenye kisanduku cha juu. Atapata milima mingi, lakini mbele yake wamesimama watu, na nyingine ni za rangi nyeusi na nyeupe. Angependa kuongeza no_humans na -monochrome, lakini Danbooru haimruhusu asiyelipia kutafuta kwa zaidi ya tagi mbili kwa wakati mmoja.

Hapo ndipo programu inapoizidi tovuti. Chini ya kisanduku cha utafutaji kuna mahali pa kuchujia matokeo, palipoandikwa "Post-filtering". Tovuti huulizwa tagi mbili tu. Majibu yakifika kwenye kompyuta yako, Grabber yenyewe huyapepeta kama mchele kwenye ungo. Mchoraji wetu ataandika hapo no_humans -monochrome width:>=1600, yaani pasiwe na watu, isiwe ya rangi moja, na upana usipungue pikseli 1600. Tovuti haiuhesabu mchujo huo, kwa kuwa unafanyika kwako.

Neno moja kuhusu ukubwa: tagi ya highres hubandikwa picha yenye upana wa pikseli 1600 au zaidi, au urefu wa 1200 au zaidi, na absurdres ni kwa upana wa 3200 au urefu wa 2400. Kwa kutazama rangi na mkao, highres inatosha kabisa. Absurdres waachiwe wenye kuchunguza mikwaruzo ya brashi.

Zoea pia kufungua picha moja inayokufaa na kusoma tagi zake zote pembeni. Mara nyingi humo mna tagi ambayo usingeifikiria, na ukiibofya unaanza utafutaji mpya. Milima utakayoiona, kwa njia, ni ya Japani kwa wingi, kwa sababu tovuti hizi zimejengwa juu ya uchoraji wa huko. Kibo cha theluji utakachokutana nacho mara kwa mara ni cha Fuji, si cha kwetu.

Hatua ya nne: majina ya mafaili

Mpangilio wa kawaida ni %md5%.%ext%, ambao hukupa jina la herufi na tarakimu 32 lisilomwambia mtu kitu. Badilisha uwe %search%/%artist%/%md5%.%ext%. Mkwaju (/) unaunda folda, kwa hiyo picha zitajipanga kwa tagi ulizotafuta, kisha kwa mchoraji, na jina la mchoraji halitapotea. Usirundike kila kitu kwenye jina, hasa majina ya wahusika, kwa kuwa picha yenye wahusika kumi itazaa jina refu mno, na programu nyingi za Windows hukwama njia ya faili inapozidi herufi 260.

Hatua ya tano: kupakua

Chagua picha unazozitaka, ziongeze kwenye orodha, nenda kwenye kichupo cha upakuaji uanze. Katika mipangilio unaweza kuzima upakuaji wa picha halisi, na kwa Danbooru utapewa nakala yenye upana wa pikseli 850 badala ya faili kubwa. Wanaotegemea hotspoti ya simu waanze na nakala hizo, halafu warudie picha halisi kwa chache walizozipenda kweli.

Maswali ya wanachama wetu

Mwanachama wa Kiboriloni, Moshi: Shikamoo mwalimu. Nimeweka mchujo kama ulivyoelekeza, lakini ukurasa unanionyesha picha tatu tu, na mwingine hauna hata moja. Je, tovuti imeishiwa?

Jibu: Marahaba. Haijaishiwa. Programu inaomba, tuseme, picha 20 za ukurasa huo, kisha mchujo wako unaondoa 17. Ukurasa unaofuata unaweza kuwa na nyingi zaidi. Ongeza idadi ya picha kwa ukurasa, na muhimu zaidi, peleka tagi iliyo adimu kwenye kisanduku cha juu. Kama no_humans ndiyo inayokata nyingi, tafuta mountain no_humans na uihamishie sunset kwenye mchujo.

Mwanachama wa Njiro: Huku kwetu umeme ukikatika orodha yote inapotea. Nifanyeje, kaka?

Jibu: Ukishaijaza orodha, ihifadhi kabla ya kuanza kupakua, kichupo cha upakuaji kina kitufe cha kuihifadhi kama faili la igl. Umeme ukirudi, ifungue na uendelee. Picha zilizokwisha kuingia zitatambuliwa na kurukwa, mradi hujabadilisha folda wala mpangilio wa majina katikati ya kazi.

Mwanachama wa Kaloleni, Arusha: Mbona napata picha ileile mara mbili wakati programu inasema inatambua zinazojirudia?

Jibu: Inatambua kwa md5, ambayo ni alama inayokokotolewa kutokana na faili lenyewe. Faili likibadilika hata kidogo, kwa kubanwa upya au kupunguzwa ukubwa, alama inakuwa nyingine, ingawa kwa jicho picha ni ileile. Hilo hutokea sana ukitumia vyanzo viwili, au ukichanganya folda yako na picha zilizopitia WhatsApp.

Mwanachama wa Majengo, Moshi: Nachapa fulana. Nikipata picha nzuri humo, nikaiondoa jina la mchoraji, nitakuwa na kosa?

Jibu: Ndiyo, dada, na kuondoa jina kunaongeza ubaya. Kuwepo kwa picha kwenye tovuti hizi hakuifanyi kuwa ya wote; mara nyingi aliyeipandisha si aliyeichora. Kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, kazi ya sanaa hulindwa muda wote wa uhai wa mtunzi na miaka 50 baada ya kufa kwake. Tazama maelezo ya picha; mara nyingi pana kiungo cha chanzo kinachokupeleka kwenye ukurasa wa mchoraji mwenyewe, kwa mfano kwenye Pixiv, tovuti ya wachoraji, na hapo unaweza kumwomba ruhusa. Kwa fulana za haraka nenda Wikimedia Commons, ambako kila picha ina masharti yake ya leseni, na usome kama matumizi ya biashara yanaruhusiwa na kama unatakiwa kumtaja mpigapicha.

Mwanachama wa Usa River: Ghafla programu inaniletea kosa lenye namba 429 na hakuna kinachoshuka.

Jibu: Tovuti inakuambia umeiomba mara nyingi mno kwa muda mfupi. Acha kwa dakika kadhaa, kisha punguza idadi ya mafaili yanayopakuliwa kwa pamoja hadi moja au mawili. Kama mpo wengi ofisini mnaotumia laini moja ya intaneti, tovuti inaweza kuwaona nyote kama mtu mmoja, kwa hiyo pangeni zamu.