Kabla hujaigusa flashi iliyogoma kufunguka

Ichomoe. Ukishaona ule ujumbe wa kukutaka uifomati ndipo uitumie, kataa, itoe kwenye kompyuta, iweke mezani. Usizunguke nayo kwenye kompyuta za watu ukitumaini mojawapo itaisoma. Kompyuta inaweza kuandika vitu kwenye flashi bila kukuuliza, na ikiwa na virusi umejiongezea balaa la pili.

Kisha jiulize faili unalolitafuta limewahi kupita wapi. Uliwahi kumtumia mtu kwa WhatsApp au barua pepe? Ulilifungua mwisho kwenye kompyuta gani? Dakika kumi za kutafuta huko zinaweza kukuokoa siku mbili.

Hakikisha pia kwamba mafaili yamepotea kweli. Flashi zinazozunguka steshenari mara nyingi hupata virusi vinavyoficha mafaili na kuacha njia za mkato, zile zenye kimshale. Ukiona nafasi iliyotumika haijapungua, vitu vyako vipo. Usibonyeze hivyo vimshale, maana kuvibonyeza ndiko kunakoviamsha virusi. Safisha kwanza kwa programu ya kuzuia virusi, halafu fungua dirisha la amri (Command Prompt) uandike attrib -h -r -s /s /d E:\*.* ukiweka herufi ya flashi yako mahali pa E.

Ikiwa kompyuta haiioni kabisa, au inasema ukubwa wake ni sifuri, acha habari za programu. Hapo mara nyingi kilichokufa ni kifaa. Kichwa kilichovunjika fundi mzuri wa elektroniki anaweza kukichomelea, lakini chipu ikiungua gharama zake ni za maabara.

Windows ikikuomba ruhusa ya kukagua na kurekebisha, kataa kwanza. Kazi ya chkdsk, programu inayofanya ukaguzi huo, ni kuinyoosha flashi itumike tena, si kulinda kazi zako. Unaweza kujikuta na folda iitwayo FOUND.000 iliyojaa vipande vyenye majina kama FILE0000.CHK.

Sasa hili la kuandaa mahali pa kuhifadhia mafaili yatakayorudishwa. Kaa chini unisikilize.

Mimi ni katibu wa kikundi cha vikoba, watu 28. Hisa, mikopo, marejesho, faini na mfuko wa jamii, vyote nilikuwa naviandika kwenye faili moja la Excel, ndani ya flashi ya GB 16. Siku tisa kabla ya mgao wa Desemba flashi ikagoma. Nikaipeleka kwa kijana mmoja mwenye duka la kompyuta karibu na kituo cha daladala. Akaifomati kwa haraka, akaendesha programu ya kurudisha mafaili, na orodha ikatoka na leja yetu ikiwemo, kwa jina lake kamili. Nilimshika bega kwa furaha. Programu ikauliza pa kuhifadhia. Diski ya kompyuta yake ilikuwa imejaa, basi akachagua flashi ileile.

Sikujua kitu, nikanyamaza. Kumbe kufuta faili, au kufomati kwa haraka, ni kama kuchana ukurasa wa yaliyomo kwenye kitabu: sura zote bado zipo, ila flashi inaziona kama karatasi tupu. Zilianza kurudishwa picha za sendofu ya mdogo wangu, mamia kwa mamia, zikaandikwa juu ya hizo karatasi "tupu". Zamu ya leja ilipofika, mahali pake palikuwa pameshakaliwa. Faili lilirudi na ukubwa uleule, Excel ikakataa kulifungua. Ndani yake mlikuwa na vipande vya picha.

Tulijenga hesabu upya kwa vitabu vya wanachama, usiku sita, sebuleni kwa mwenyekiti. Mama mmoja kitabu chake kilikuwa kimelowa mvua, hakisomeki. Akatutajia kiasi cha kumbukumbu zake, tukampa hicho. Februari tukakuta kwenye jumbe za malipo ya simu kwamba alikuwa na zaidi. Alikuwa ametaja kidogo ili asionekane anadai cha wenzake. Tulimrudishia, lakini sura yake siku ile ya mgao bado ninayo.

Kwa hiyo usianze kabla hujapata diski nyingine yenye nafasi kuliko flashi yenyewe. Ikiwezekana, nakili kwanza flashi nzima kuwa faili moja, kwa ddrescue au programu nyingine ya aina hiyo, kisha tafuta ndani ya nakala hiyo. Na kama ni lazima kufomati, usikubali ile kamili: tangu Windows Vista inaandika sifuri kila mahali, na hapo hakuna kinachorudi.

PhotoRec, programu ya kurudisha mafaili, ni ya bure na haiandiki chochote kwenye flashi unayoikagua, lakini haitunzi majina. Utapewa mafaili yenye herufi f na tarakimu, uyafungue moja moja. Tenga muda.

Ukimpa fundi, kaa pembeni yake. Mpatane bei kabla, na mwambie wazi pa kuhifadhia. Kumbuka flashi yako ina vitambulisho vya watu na hesabu zao, hivyo mwombe afute nakala akimaliza. Jihadhari na flashi ya TB 2 inayouzwa kwa bei ya chakula cha mchana. Nyingi ndani ni GB chache, na kilichozidi hapo hakikuandikwa popote. Usichomoe wakati taa inawaka. Usiitumie tena iliyokwisha kugoma, hata ikipona. Na daftari la karatasi, katibu mwenzangu, lisitupwe.